Dada Yangu na Tangi la Bahari

Nilimfukuza dada yangu nyumbani kwangu kwa sababu ya kamba watatu na vipande vinne vya matumbawe. Nikisema kamba nina maana ya wale wadudu wa baharini wenye masharubu marefu, ambao kwenye hoteli kubwa huliwa na mchuzi wa vitunguu saumu. Wangu hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa wa kutazamwa, na kutazamwa huko ndiko kulikotuharibia nyumba.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili mjini Homa Bay. Nalitaja hilo kwa aibu, na msomaji ataona kwa nini. Mji wetu uko kando ya ziwa, na samaki tunawajua kwa meno: ngege, mbuta, omena. Mtu akikuambia amenunua samaki ili amtie kwenye kioo amwangalie akiogelea, tena samaki wa maji ya chumvi, unamhurumia na kuuliza kama ndugu zake wanajua. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Nilikwenda Nairobi kusahihisha mitihani, jino likanishika, nikajikuta nimeketi kwa daktari wa meno mbele ya tangi la kioo lenye kipande cha bahari ndani yake. Mawe ya zambarau. Maua ya nyama yenye vidole vinavyopunga. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa wakijisugua ndani ya maua hayo. Daktari aling'oa jino na sikumbuki kama niliumia. Nilirudi nyumbani na pengo mdomoni na wazimu kichwani.

Kuanza tangi la bahari mbali na bahari si kazi ya mtu mwenye haraka, na mimi haraka ninayo tangu utotoni. Fundi wa vyuma alinichomelea meza ya kubeba lita mia mbili. Tangi, taa, pampu na ndoo ya chumvi maalumu vilitoka Nairobi kwa basi. Chumvi hiyo si ya jikoni. Ina kila kitu kilichomo baharini, na unaichanganya na maji safi huku ukipima hadi kipimo kikubali. Bwana mmoja wa Nairobi, anayekuza matumbawe nyumbani kwake na kuuza vipande, alinielekeza kwa simu. Akaniambia nisiweke kiumbe chochote kwanza. Niweke mawe, kisha nitupe kipande cha nyama kioze humo, ili vijidudu vya kula uchafu vizaliane. Nikatupa kipande cha mbuta. Nyumba ilinuka wiki nzima, kisha nyingine, kisha nyingine.

Mke wangu alipita na kikombe cha chai akasimama mbele ya kile kioo chenye mawe na nyama iliyooza. Yeye ni Mkuria kutoka upande wa Migori, karibu na mpaka, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili.

"Watu wanapika mbuta," akasema. "Wewe unaifanyia matanga."

Dada yangu aliwasili katika wiki hizo za uvundo. Alikuwa ameolewa Oyugis miaka mingi, na sasa amekuja na mifuko miwili na godoro lililokunjwa. Mtoto wa shemeji yake alikuwa ameumwa na tumbo, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara ilisemekana dada alikuwepo mtoto akila. Wakasema ana sihoho. Sihoho ni jicho baya. Mwenye nalo anatazama chakula cha mtu, au mtoto, au ndama, na kile alichotazama kinadhoofika, hata kama yeye hataki. Walianza kwa kumpa chakula chake peke yake jikoni. Wakamaliza kwa kumtolea vitu vyake nje.

Kwetu binti akishaolewa hana tena nyumba bomani kwa baba yake. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye amebaki na boma kule Karungu, alimpokea langoni akampa soda na kumweleza hivyo. Mahali pekee palipobaki ni kwangu, kwa sababu kiwanja changu ni cha kununua na hakina lango la mila.

Nilimwambia aingie. Siku hiyo nilijiona mtu mwema kupindukia. Nilimkalisha chini nikampa somo zima: kwamba jicho linapokea mwanga na halitoi kitu, kwamba mtoto yule alikuwa na minyoo, kwamba wanaosema mambo ya sihoho hawajafungua kitabu. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa. Kisha akaniuliza kwa nini nyumba yangu inanuka.

Samaki walikuja mwishowe, wawili, kwenye boksi jeupe la povu la plastiki, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Wakafuata konokono, kamba watatu wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, na vile vipande vinne vya matumbawe, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Niliwaingiza polepole, kikombe cha maji baada ya kikombe, kama nilivyoelekezwa. Nikienda kazini walibaki na dada.

Alivuta kigoda akaketi mbele ya kioo. Asubuhi akimaliza kufagia aliketi. Akichambua mboga alichambulia hapo. Samaki hakuwajali sana. Alisema samaki ni samaki, amewaona maisha yake yote. Alipenda kamba, na alipenda yale maua. Alijua ni ua lipi linafunguka kwanza taa ikiwaka na ni kamba yupi mchokozi. Mwaka mzima Oyugis hakuna mtu aliyemwacha atazame kitu bila kumwonea shaka, na hapa kulikuwa na viumbe waliofungua vidole vyao mbele yake. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona mtu mvivu kwenye kigoda.

Siku moja alinipigia simu shuleni akilia. Kamba mmoja amekufa, amelala juu ya jiwe, ameisha hata rangi. Nikaacha darasa. Nilipofika nikaona ganda tupu, na nyuma ya jiwe kamba mwenyewe, mzima, amejivua ngozi kama wanavyofanya wakikua. Nilimcheka dada yangu hadi machozi yakanitoka. Nikalihadithia chumba cha walimu, nikiigiza sauti yake, na walimu wakashika mbavu. Yeye naye alicheka. Jioni hiyo nilimsikia akimwambia mke wangu, "Dada, yule anaweza kutoka ndani ya mwili wake na aendelee kuishi. Mimi pia nataka hiyo dawa."

Kisha mvua zikaanza, na paa langu lilikuwa limeoza. Nikaezua mabati yote yenye kutu, nikaezeka mapya yanayong'aa hadi jirani akalalamika yanamuumiza macho. Nikaweka mifereji na tangi jeusi la plastiki. Hadi hapo nilikuwa nanunua maji ya mitungi kwa ajili ya wale viumbe. Kwa joto la Homa Bay tangi la kioo lilikuwa likipungua lita nne au tano kwa siku. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki, kwa hiyo unajaza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Na ni nani hapa kwetu asiyejua kwamba maji safi kuliko yote ni ya mvua? Mama yetu alituogesha nayo na kututilia kwenye uji. Nikaacha mitungi. Kila asubuhi nikamimina ndoo ndogo ya maji ya mvua kutoka kwenye paa langu jipya, na nilijisikia mtaalamu.

Haukupita mwezi, dada akanisubiri mlangoni nikitoka kazini.

"Owadwa," akasema, ndugu yangu, "haya maua yamejifunga tangu uanze hii maji ya mvua. Rudisha ile ya mitungi."

"Sasa umekuwa profesa?"

"Mimi naona tu. Kamba pia hawatembei vile walikuwa wanatembea."

"Maji ya mvua ni maji safi. Ulifika darasa la ngapi wewe?"

Alijua kwamba mimi najua alifika darasa la ngapi. Aliacha shule ili mimi niendelee. Nilisema hivyo hivyo, na sikujiuma ulimi.

Konokono walianza kuanguka kutoka kwenye kioo. Kamba wa kwanza akafa kweli, akageuka wa waridi kama aliyechemshwa. Matumbawe yakawa meupe, nyama ikaachana na mfupa. Nilipima chumvi, nikapima joto, nikapima uchafu, kila kipimo kikaniambia maji ni mazuri. Na wale samaki wawili waliendelea kucheza kana kwamba hakuna msiba.

Mke wangu alikuwa na mimba wakati huo. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, moja ikiwa na miezi mitano, na hii ya tatu alikuwa akitembea nayo kama mtu aliyebeba maji mkononi. Hakuwahi kumkosea dada adabu. Lakini siku moja tukiwa jikoni aliuliza, bila kunitazama:

"Kwa nini vile anapenda ndivyo vinakufa?"

Nikamwambia asiniletee ushamba.

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu. Samaki hana haja nao, samaki wako wazima. Anapenda kamba, kamba wanakufa. Anapenda maua, maua yamekufa. Na mimi ananipenda sana. Kila siku ananishika tumbo."

Ninaposimulia haya watu hutaka kumlaumu mke wangu. Wamwache. Yeye alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu iliyozikwa mara mbili. Mimi nilikuwa na shahada. Ningeweza kuyapima yale maji ya mvua siku hiyo hiyo. Badala yake nililala na swali lake, na kulipokucha lilikuwa limekuwa jibu. Nilitaka kosa liwe la mtu. Lisipokuwa la mtu lingekuwa langu.

Nikafunika tangi kwa shuka. Nikamwambia dada asiketi tena chumba kile. Alibeba kigoda chake akakipeleka nje, na mboga akachambulia huko.

Siku ya tatu nilirudi saa ya chakula cha mchana bila kutarajiwa. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya tangi, ameinua pembe ya shuka, jicho moja kwenye kioo. Kitu kilinipanda. Nilimwita kwa Kijaluo, ili neno limwingie vizuri, "In jasihoho." Wewe una jicho baya. Nilisema na mengine. Nilisema Oyugis walimjua kuliko nilivyomjua mimi. Nilisema mke wangu akipoteza mtoto huyu nitajua ni nani wa kuulizwa.

Alishusha shuka taratibu, akalinyoosha.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Nilitaka kuona kama yule kamba mmoja amebaki."

"Amebaki?"

"Hapana."

Kesho yake asubuhi nilimpakilia mifuko yake na godoro lake kwenye matatu ya Karungu. Kabla ya hapo nilimpigia kaka yetu mkubwa simu. Nilimweleza yote, nikijua anavyopenda habari, nikijua Karungu nzima itakuwa nayo kabla dada hajafika. Alipewa chumba cha kupanga karibu na ufuo, nje ya boma, miongoni mwa akina mama wanaoanika omena. Kaka aliwaambia watu kwamba sasa si maneno ya wanawake wa Oyugis tena. Mwalimu mwenyewe amethibitisha.

Nikasafisha tangi. Nikanunua kamba wengine wawili. Niliwaingiza kwa uangalifu wote, nikaongeza maji yangu ya mvua, na siku ya pili wote wawili walikuwa wamelala ubavu, wa waridi. Dada yangu alikuwa Karungu, hawa hajawahi kuwaona wala wao hawajamwona.

"Jicho linafika mbali," mke wangu akasema, lakini hata yeye hakulisema kwa nguvu.

Nilichukua dumu la maji ya mvua nikalipeleka maabara ya shule. Nikayachemsha, nikiongeza na kuongeza, hadi lita nyingi zikawa vijiko vichache. Nikadondosha amonia. Kukatokea weupe kama maziwa yaliyoganda. Nikaongeza amonia, weupe ukayeyuka wote, maji yakawa angavu. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha nne anajua maana yake. Zinki. Mabati mapya yamepakwa zinki, mvua inaiosha, nayo kwa kiasi kile haiwadhuru samaki wala mimi ninayeyanywa maji hayo, lakini kwa kamba, konokono na matumbawe ni sumu. Na kila siku maji yalipaa, zinki ikabaki, nami nikaongeza nyingine juu yake. Somo la kinachopaa na kinachobaki nalifundisha kidato cha kwanza.

Nitasema kitu cha kwanza nilichohisi. Nilihisi furaha. Tatizo la tangi lilikuwa limepatikana. Dada alinijia kichwani baadaye, nikiosha vyombo vya maabara, na hata hapo nilijiambia nisubiri kwanza, nihakikishe.

Nikamwaga maji yote, nikarudia mitungi, nikaanza upya na mbuta wa kuoza. Nilisubiri miezi. Matumbawe mapya yaliposhika na kamba wakajivua ngozi mara mbili, nikaona sasa nina ushahidi. Ndipo nikampigia kaka yetu. Nilimweleza mabati, zinki, amonia, kila kitu. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho.

"Omera, ndugu yangu, ni vizuri unamtetea," akasema. "Ni dada yako, lazima ungefanya hivyo."

Nilipomshtaki niliaminiwa kwa sababu nimesoma. Nilipomtetea nikaonekana nina huruma.

Nikaenda Karungu mwenyewe. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye mstari. Akina mama walikuwa wameanika omena pamoja kwenye nyavu ndefu, na wavu wake ulikuwa peke yake, upande wa pili wa njia. Aliniambia hauzi hapo. Anapeleka Awendo, anawauzia wakata miwa, kwa sababu hawamjui. Alinikaribisha, akanitandikia kitambaa kwenye kiti. Nikamweleza. Nilimchorea hata picha kwenye karatasi: paa, mfereji, tangi, mvuke unaopaa. Alifuata kidole changu kwa makini, alivyokuwa akifuata wale kamba.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe. Ni mabati. Na wewe uliniambia mapema, nikakataa. Nisamehe."

Akaitazama tena ile picha.

"Na mtoto wa Oyugis? Ile pia ilikuwa mabati?"

Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa na majibu siku ile alipofika na godoro lake, minyoo, mwanga, vitabu. Nikasema sijui, huenda alikula kitu kibaya. Sauti yangu mwenyewe haikuniridhisha. Alikunja ile karatasi mara mbili akanirudishia, akasema nisichelewe, njia ina matope.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Ni mke wangu aliyesema dada aitwe. Alimpigia mwenyewe, akamwomba msamaha kwa jina la Mungu, na Jumamosi moja baada ya kanisa dada akaja na omena kwenye mfuko na sabuni ya mtoto. Alikuwa amekonda. Alipofika mlangoni nilimpokea mizigo, tukasalimiana, tukacheka kidogo juu ya unene wangu. Nilifikiri tumevuka. Mke wangu akatoka chumbani na mtoto, akamwinamia ili amweke mikononi mwake.

"Dada, huyu hapa. Mwangalie, amechukua pua yenu."

Dada alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, kama anayejikinga na moshi, na mikono akaificha nyuma yake.

"Mtoe," akasema. "Tafadhali, mtoe kwanza."

"Dada," nikasema, "ilikuwa zinki. Nilikueleza. Haikuwa wewe."

"Najua. Ulinieleza vizuri sana." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Lakini sasa huyu ni mtoto. Mtoe."

Mke wangu akamrudisha mtoto chumbani, na dada yangu hakufungua macho hadi aliposikia mlango umefungwa.